Mtoto Anapotishwa kwa Picha ya Simu

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tuzungumzie ugonjwa ambao hauonekani kwa darubini ya maabara. Kijana analetwa hospitali. Kichwa kinamuuma, tumbo linamsokota, hana hamu ya kula, usiku halali. Anapimwa malaria, hana. Anapewa dawa za maumivu, na baada ya wiki anarudi vilevile. Sababu za hali hiyo ni nyingi, lakini siku hizi inafaa kuuliza pia habari za simu yake. Wapo vijana wanaoishi na siri nzito: kuna mtu anawatisha kwa picha.

Mtego unavyotegwa

Mambo huanza kwa urafiki. Mtu humwandikia kijana kwa Facebook, Instagram, TikTok au WhatsApp. Hutumia jina na picha za mtu mwingine, akajifanya ni wa rika lake. Humsifu, humsikiliza, pengine humtumia vocha. Kisha huomba picha ya utupu. Akiipata, urafiki unakwisha palepale: “Tuma fedha, la sivyo wazazi wako na wanafunzi wenzako wataiona.” Wengine hudai picha zaidi, au hutaka wakutane.

Hunaswa wasichana na wavulana pia. Mtishaji anaweza kuwa mtu wa mbali, au jirani, au mpenzi wa zamani. Siku hizi hata picha ya kawaida huweza kugeuzwa kwa kompyuta ikaonekana ya utupu. Hivyo hata mtoto ambaye hakutuma chochote anaweza kutishwa.

Kwa nini anaugua?

Hofu ikikaa siku nyingi, mwili hubaki kama wa mtu anayekimbizwa: moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi hukimbia, tumbo huvurugika. Aibu nayo humfanya ajitenge na kushuka darasani. Kubwa zaidi, kijana anayeona hana pa kutokea anaweza kufikiria kujiua. Akitamka neno kama hilo, usimwache peke yake. Mfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Mzazi afanye nini?

1. Usimpige wala usimtukane. Nguvu yote ya mtishaji iko katika siri. Mtoto akishamweleza mzazi, nguvu hiyo inapungua. Mwambie: “Umefanya vema kuniambia. Mwenye kosa ni huyo anayekutisha.”

2. Msilipe. Aliyelipwa mara moja hujua pana fedha, naye hurudi kudai zaidi.

3. Msifute ujumbe. Hifadhini mazungumzo, jina analotumia, namba yake, na namba anayotaka atumiwe fedha. Huo ndio ushahidi. Baada ya hapo mfungieni asiweze kuandika tena.

4. Msimtumie mtu yeyote picha hiyo, hata ndugu mnayemwomba ushauri. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na mtoto kisheria ni yeyote aliye chini ya miaka 18.

5. Toeni taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au pigeni namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure. Ipo pia huduma ya Take It Down, iliyoanzishwa Marekani. Huzisaidia kampuni za mitandao zinazoshirikiana nayo kuitambua picha ya mtoto na kuiondoa, bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yake. Nayo hailipiwi.

Kinga ni bora kuliko tiba

Facebook, Instagram na TikTok haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujiandikisha. Aliyefikia umri huo msaidieni kupanga akaunti yake ili ionekane kwa watu anaowafahamu tu. Usiku simu zote za nyumbani, hata ya baba na mama, zilale sebuleni; kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Wazazi wengine huona dawa ni kumnyang'anya mtoto simu milele. Angalieni: mtoto anayejua atanyang'anywa simu siku atakayosema hatasema, na huyo ndiye mtishaji anayemtafuta.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Jioni ya leo, kabla hakujatokea lolote, mwambie mwanao maneno haya: “Mtu akikutisha kwa simu, niamshe hata saa nane ya usiku. Sitakupiga.” Na siku akikuamsha, litimize neno lako.