Kisiwa Kilichopigwa na Upepo Hurudiwaje?

Kila mwaka, majira ya vimbunga yanapokwisha kule Karibi, magazeti ya Ulaya na Marekani huchapisha makala ya aina moja. Mwandishi alikuwa na kisiwa chake akipendacho, alikokwenda mapumziko miaka nenda miaka rudi. Kisha upepo ukaja, ukang'oa mapaa na kulaza minazi. Mwandishi akasubiri mwaka mmoja au miwili, akapanda ndege, akarudi. Akakuta hoteli imefunguliwa, mchanga ungali mweupe, na yule mpishi wa samaki angali pale pale pwani. Ndipo akatangaza kwamba kisiwa kimepona.

Simdharau mtu huyo. Fedha anazoacha kule ni mshahara wa watu halisi, na aliyerudi ni bora kuliko aliyehamisha mapenzi yake kwenye kisiwa kingine kisichoguswa. Hata hivyo, kipimo anachotumia kina kasoro kubwa. Hoteli hujengwa kwa miezi kumi na minane. Kuna vitu vingine vinavyoangushwa na upepo usiku mmoja na kuchukua nusu ya umri wa mwanadamu kusimama tena, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama kisiwa kimepona, tena kimepona kwa manufaa ya nani.

Msomaji atauliza: mtu wa Cheptiret ana habari gani na vimbunga? Kweli, sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na si mbali na mstari wa Ikweta, mahali ambapo kimbunga hakiwezi kuundwa, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo ukawa gurudumu ni hafifu mno huku. Tunachokijua sisi ni mvua ya mawe inayopita shambani mwa ngano mwezi wa Agosti. Lakini ifikapo Desemba, wenye uwezo miongoni mwetu huteremka hadi Mombasa, na wenye mifuko iliyotuna zaidi huvuka hadi Unguja. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, ni miongoni mwao. Aliporudi safari iliyopita alinieleza kwa furaha kwamba anaupenda Mji Mkongwe kwa sababu "haujabadilika tangu enzi za Seyyid Said."

Kauli hiyo ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika. Seyyid Said alifariki mwaka 1856. Mji aupendao mwalimu wetu, kwa sehemu kubwa ya yale yanayompendeza macho, ni mji uliojengwa baada ya kimbunga.

Tarehe 15 Aprili 1872 kisiwa cha Unguja kilipigwa na dhoruba ambayo hakikuwa kimeiona mfano wake. Vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida hupita kusini, vikaelekea Madagaska na Msumbiji, hivyo hapakuwa na aliyejiandaa. Majahazi na meli zilizotia nanga bandarini zilisukumwa pwani zikavunjika, na pamoja nazo merikebu za Seyyid Barghash, aliyekuwa ameketi kitini tangu 1870. Mojawapo ilikuwa na historia yake: ile Shenandoah, iliyoundwa Uskoti na kuwinda meli za kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, kisha ikauzwa kwa Sultani wa Zanzibar na kubadilishwa jina. Ilitupwa ufukweni kama ngalawa ya mvuvi.

Hayo yalikuwa mjini. Pigo lenyewe lilikuwa mashambani. Karafuu iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na Seyyid Said akaifanya kuwa uti wa mgongo wa dola yake. Ilisemekana kwamba aliwaamuru wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Mkarafuu ni mti mrefu wenye kilele kizito, na mizizi yake haistahimili upepo wa namna ile. Kwa makadirio ya watu wa wakati ule, theluthi mbili au zaidi ya mikarafuu na minazi ya Unguja ililala chini. Sasa zingatia, msomaji: mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hivi hadi minane, na haufikii nguvu zake kamili kabla ya kupita miaka kumi na mitano au ishirini. Mwenye shamba aliyekuwa na umri wa miaka hamsini asubuhi ile hakuwa na matumaini ya kuliona shamba lake likiwa kama lilivyokuwa.

Tunaye shahidi mmoja wa kurudi. Henry Morton Stanley aliondoka pwani mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, na akiwa njiani kurudi alikutana kwanza na habari za maafa kabla ya kuyaona. Mvua za msimu ule zilikuwa zimeugeuza mto Ngerengere kuwa bahari, na mji wenye ngome wa Simbamweni, pale ilipo Morogoro ya leo, ulikuwa umesombwa kwa sehemu kubwa. Alifika Bagamoyo tarehe 6 Mei 1872 na kuvuka Unguja siku iliyofuata, majuma matatu baada ya kimbunga. Stanley hakuwa mpenzi wa Unguja. Alikuwa mtu mwenye haraka na habari ya kuuza. Pengine ndiyo sababu alipita haraka. Aliyekuwa na jambo la kujiuliza ni yule aliyebaki.

Na waliobaki walijenga. Barghash alitawala hadi 1888, na miaka hiyo ndiyo iliyoupa mji sura inayopigwa picha leo. Alivuta maji safi kwa mabomba kutoka Chemchem hadi mjini. Mwaka 1883 lilisimama lile jumba kubwa la Beit al-Ajaib mbele ya bahari. Kanisa kuu la Kianglikana liliwekewa msingi siku ya Krismasi ya 1873, pale pale palipokuwa na soko la watumwa. Hamamu ambayo wageni huionea fahari ni yake Barghash vilevile. Badala ya merikebu zilizovunjika aliagiza mpya kutoka Uskoti, ikaitwa Glasgow. Hiyo nayo ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla chai haijapoa. Kwa hiyo anayeliona jumba la Barghash na kudhani anaiona Zanzibar ya kabla ya maafa, anaangalia kovu na kuliita ngozi.

Lakini jumba halikujengwa kwa mawe matupu, lilihitaji mapato, na mapato yalitoka kwenye karafuu. Zilitoka wapi, ikiwa mikarafuu ya Unguja ilikuwa imelala? Zilitoka Pemba. Kimbunga kilikikosa kisiwa hicho kwa kiasi kikubwa, na kwa kuwa karafuu zilikuwa zimeadimika duniani, bei ilipanda sana. Wapemba na Waarabu wenye mashamba huko, ambao hapo awali walikuwa nyuma ya Unguja, walijikuta wameshika dhahabu mkononi. Wakapanda mikarafuu zaidi. Hadi leo Pemba ndiyo itoayo sehemu kubwa zaidi ya karafuu za Zanzibar, na wengi wanaolijua jambo hilo hawajui kwamba chanzo chake kimojawapo ni upepo wa siku moja.

Na nani alipanda? Hapa ndipo simulizi tamu ya kisiwa kilichoinuka inapopata uchungu. Walipanda watumwa. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alifika Unguja Januari 1873 kumtaka Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini, na Sultani akajitetea kwamba nchi imetoka kuvunjwa na kimbunga na kwamba kuidai sadaka ya pili ni kuimaliza. Utetezi wake haukuwa wa uongo. Ulikuwa tu wa upande mmoja, kwa kuwa aliyekuwa akitolewa sadaka kila siku hakuwa na kiti katika mazungumzo hayo. Chini ya tishio la manowari, mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873. Biashara ikawa haramu baharini, ila kazi ya kupanda mashamba ilikuwa palepale na bei ya karafuu ilikuwa juu, basi majahazi yakaendelea kuwavusha watu kwa magendo kwenda Pemba. Desemba 1881 nahodha wa Kiingereza, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akijaribu kukamata jahazi la namna hiyo. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Zanzibar hadi 1897, miaka ishirini na mitano baada ya kimbunga: takriban muda uleule unaohitajiwa na mkarafuu mchanga hadi kukomaa.

Yaliyotokea Unguja yalijirudia kwa namna yake katika Karibi yenyewe. Grenada ni kisiwa cha kungumanga kama Unguja kilivyokuwa cha karafuu. Hata bendera yake ina picha ya tunda hilo. Hadi 2004 kilikuwa cha pili duniani kwa kuuza kungumanga, nyuma ya Indonesia. Tarehe 7 Septemba mwaka huo kimbunga Ivan kiliua watu 39, kikaharibu takriban nyumba tisa katika kila kumi, na kuangusha sehemu kubwa ya mikungumanga. Mwaka uliofuata kikaja kingine, Emily. Watalii walirudi baada ya muda si mrefu. Mikungumanga, ambayo nayo huchukua miaka saba au zaidi kuanza kuzaa, haikurudi kwa kasi hiyo. Wakulima wengi waligeukia kakao inayozaa mapema, na wanunuzi wa kungumanga walikuwa wamekwisha kuizoea njia ya Indonesia.

Katika kisiwa cha Barbuda jambo lenyewe lilikuwa la ardhi. Kimbunga Irma kilikipiga tarehe 6 Septemba 2017, na wakazi wake wote, wasiozidi elfu mbili, wakahamishiwa kisiwa jirani cha Antigua. Kwa vizazi vingi ardhi ya Barbuda ilikuwa mali ya wenyeji wote kwa pamoja, hapakuuzwa shamba. Wenyeji wangali wakimbizi, trekta zikaanza kusafisha msitu kwa ajili ya uwanja mpya wa ndege, na serikali ikaanza kuibadili sheria ya ardhi. Kesi ilifika hadi baraza la mahakama huko London, ambalo mwaka 2024 liliamua kwamba wakazi wana haki ya kuupinga uwanja huo mahakamani. Kufikia wakati huo uwanja ulikuwa karibu kukamilika.

Huku kwetu Uasin Gishu hatuhitaji kuelezwa uzito wa neno kurudi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maelfu ya majirani walilala katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret, na Mei 2008 serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Upepo ule uliumbwa na watu, si na bahari, nami sitaki kuvichanganya. Lakini aliyeshuhudia malori yale anajua kwamba kumfikisha mtu mahali alipokuwa akiishi ni jambo la siku moja, na kumrudisha kwenye shamba lake ni jambo la miaka.

Vimbunga sasa vinasogea karibu nasi. Kenneth kilipita Ngazidja Aprili 2019, kikaiendea Cabo Delgado. Hidaya kilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Na tarehe 14 Desemba 2024 Chido kilikipiga Mayotte, kisiwa ambacho lugha yake ni ndugu wa Kiswahili, kwa upepo uliopita kilomita 200 kwa saa. Vijiji vya mabati milimani, makazi ya wahamiaji wengi kutoka Nzwani wasiokuwa na karatasi, vilifutika. Majuma machache baadaye mamlaka ya Ufaransa iliweka sharti kwamba anayenunua mabati aonyeshe kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Maana yake ilikuwa bayana: kujenga upya kutakuwa kwa baadhi, si kwa wote. Mgeni atakayekwenda Mayotte miaka mitano ijayo na kuikuta milima imerudi kuwa kijani atasema kisiwa kimekuwa kizuri kuliko awali. Huenda macho yake yasimdanganye, ila hatakuwa amehesabu wasiokuwapo.

Je, basi mtu asirudi? La hasha. Nadhani arudi, tena mapema kuliko anavyoshauriwa na wauza tiketi, wakati bado chumba kina ndoo chini ya paa linalovuja na mwenyeji ana haja ya mgeni. Akae kwa mwenyeji. Na akishaiona pwani, achukue gari aende mashambani, aulize miti hii ilipandwa lini, na ni ya nani.

Kwa Unguja na Pemba swali hilo la pili lilipata jibu lake kwa kuchelewa sana. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Karume iliyachukua mashamba makubwa, na kuanzia 1965 ikayagawa kwa wananchi, eka tatu tatu kila mmoja. Miongoni mwa mikarafuu iliyogawiwa ilikuwamo iliyopandwa baada ya kimbunga, na miongoni mwa waliogawiwa walikuwamo wajukuu wa wale walioipanda. Karafuu zenyewe waliendelea kutakiwa kuiuzia serikali, kwa bei iliyopangwa na serikali.