Nuskha za Sauti: Kukusanya Rekodi za Wilhelm Furtwängler

Mwenye kuhariri utenzi wa kale huanza kwa kukusanya nuskha. Hutazama ipi yatangulia, ipi imenakiliwa kutoka nyingine, na wapi mkono wa mwandishi umeteleza. Makala haya yanakusudia kuonyesha ya kuwa kazi hiyo hiyo yawapasa wakusanyao rekodi za muziki uliopigwa katika tamasha, na ya kuwa haiwezi kufanywa vema pasipo kushirikiana. Mfano wetu ni rekodi za Wilhelm Furtwängler, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886, akaanza kuiongoza okestra ya Berliner Philharmoniker mwaka 1922, akafariki mwaka 1954.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini rekodi za tamasha hutafutwa kuliko zile za studio. Santuri za zamani zilichukua kama dakika nne tu kila upande, hata simfoni ikabidi kukatwakatwa. Furtwängler alikuwa akiharakisha na kupunguza mwendo wa muziki kwa mawimbi marefu, na mkato kama huo uliharibu jambo lile lile alilokuwa akilijenga. Utepe wa sumaku ukaondoa taabu hiyo. Mashine ya Magnetophon ilionyeshwa Berlin mwaka 1935. Na mwaka 1940 mafundi wa redio ya Ujerumani waligundua njia ya kupunguza mno mvumo wa utepe. Ndiyo sababu tunazo tamasha zake za wakati wa vita zenye sauti njema, baadhi yake zikiwa zimepigwa katika ukumbi wa kale wa Philharmonie, uliobomolewa kwa mabomu Januari 1944.

Mwaka 1945 tepe nyingi za redio ya Berlin zilichukuliwa na Warusi zikapelekwa Moscow. Katika miaka ya 1960 baadhi yake zilitolewa huko kwa santuri, nazo zikawafikia wapenzi wa muziki wa Ulaya ya Magharibi. Watu wakazinakili, na nakala zikanakiliwa tena. Mwaka 1969 chama cha wapenzi wake kiliundwa Ufaransa, kikawa kikiwatolea wanachama santuri zisizopatikana madukani. Mwaka 1987 nakala za tepe nyingi zilirudishwa Berlin kutoka Moscow. Hivyo tamasha moja yaweza kuwa na nuskha kadhaa zilizopita njia mbalimbali, na kila njia imeacha alama zake.

Kosa la kwanza la njia hizo ni kasi. Utepe ukizungushwa kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 6, sauti hupanda takriban nusu toni, na simfoni ya dakika 50 huisha kwa dakika 47. Msikilizaji atasema kiongozi alikuwa na haraka, kumbe mwenye haraka ni mashine. Simfoni ya tatu ya Beethoven, iliyonaswa kwa ajili ya redio mjini Vienna Desemba 1944, ilitolewa Marekani kwa santuri mwaka 1953 ikiwa na sauti iliyopanda namna hiyo. Dawa yake ni kulinganisha nuskha, kupima sauti ya ala, na kutafuta mvumo wa umeme ulionaswa pamoja na muziki, ambao katika Ulaya kwa kawaida ni mitetemo 50 kwa sekunde.

Kosa la pili ni tarehe, nalo laweza kugusa heshima ya mtu. Furtwängler aliongoza simfoni ya tisa ya Beethoven mjini Berlin Machi 1942, kisha akaiongoza tena tarehe 19 Aprili, mkesha wa siku ya kuzaliwa Hitler. Filamu ya tamasha hiyo ya pili yaonyesha mwisho wa simfoni, na Goebbels akimpa kiongozi mkono. Baada ya vita Furtwängler alihojiwa mbele ya baraza kuhusu mwenendo wake chini ya Wanazi, akaachiliwa kurudi kazini mwaka 1947. Lakini mjadala juu yake haukukoma. Basi anayeandika tarehe moja mahali pa nyingine hapotoshi orodha tu, apotosha ushahidi.

Kosa la tatu ni kuunganisha. Tarehe 29 Julai 1951 Furtwängler aliongoza simfoni hiyo hiyo Bayreuth, tamasha za mji huo zilipofunguliwa tena baada ya vita. Kampuni ya EMI ilitoa santuri yake mwaka 1955, na kwa zaidi ya miaka hamsini wengi waliichukua kuwa tamasha yenyewe. Mwaka 2007 ilitokea nuskha ya redio ya Bavaria iliyotofautiana nayo, yakaanza mabishano. Mwaka 2021 ikatolewa nuskha ya redio ya Sweden, iliyopokea matangazo ya jioni ile tangu maneno ya mtangazaji hadi makofi ya mwisho. Ikaafikiana na ile ya Bavaria. Ikabainika ya kuwa santuri ya 1955 ilikuwa imeunganishwa kwa vipande, vingine vya mazoezi.

Kwa mifano hiyo twaweza kuweka kanuni tatu. Mosi, kila nuskha iandikiwe nasaba yake: imetoka wapi, na kwa mkono wa nani. Pili, asisafishe mtu sauti akaitupa ya asili. Mhariri mwema huandika sahihisho katika tanbihi wala haifuti hati, kwani chujio liondoalo mvumo huondoa pia mwangwi wa ukumbi. Tatu, kushirikiana kusisahau haki za watu. Furtwängler mwenyewe alikwenda mahakamani kuipinga ile santuri ya 1953, iliyotolewa pasipo idhini yake.

Nuskha iliyofungiwa kabatini haiwezi kusahihisha wala kusahihishwa. Lau utepe wa Sweden ungalibaki ghalani, santuri ya 1955 ingaliendelea kushuhudia jioni ambayo, kwa namna ile, haikupata kuwapo.