Nyumba njema si mlango

Wahenga walipotuusia kwamba nyumba njema si mlango, bali tufungue tuingie ndani, yamkini hawakuwa wakizifikiria nyumba za kupanga. Hata hivyo, usia huo ulinirudia akilini mwezi wa Desemba mwaka 2023, nilipopokea barua ya uhamisho iliyonitaka niripoti katika shule moja ya upili mjini Nakuru muhula wa kwanza utakapoanza. Nilikuwa nimeishi Nairobi miaka 14. Wanangu watatu walizaliwa huko. Nilikuwa na majuma matatu ya kutafuta pa kuwaweka.

Nakuru si mji mgeni kwa Mkenya. Reli ilifika hapo mwaka 1900, na tarehe 1 Desemba 2021 ukatunukiwa hati ya kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, kabla ya Eldoret kufuata mwezi wa Agosti 2024. Sensa ya mwaka 2019 iliuhesabia mji huo wakazi wapatao 570,000, ilhali Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Atokaye katika jiji kubwa kama hilo hudhani kwamba kuhamia jiji dogo ni jambo jepesi: magari machache, kodi nafuu, hewa safi. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilichosahau ni kwamba katika jiji dogo hakuna pa kujificha. Nairobi niliishi miaka minane pasipo kujua jina la mtu aliyekaa mlango unaotazamana na wangu, wala sikuona upungufu. Katika mji mdogo, mtaa uuchaguao ndio utakaokuamulia utajuana na nani, nani atakukopesha unga, na wanao watacheza na nani.

Walimu wenzangu wanajua kwamba jambo la kwanza linalompata mwalimu aondokapo Nairobi ni kupungua kwa marupurupu ya nyumba. Tulikaa mezani, mimi na mke wangu, tukapiga hesabu, tukapata kiasi cha kodi tusichoweza kukizidi. Kabla wino haujakauka, ushauri ulianza kumiminika.

Binamu yangu alinipigia simu usiku. “Ndugu yangu, usijitie maarifa,” akaniambia. “Tafuta nyumba mtaa walipo watu wetu. Uchaguzi haukosi kurudi kila miaka mitano.” Kesho yake wakala wa nyumba niliyempigia aliniuliza jina la ukoo kabla hajaniuliza mshahara. Nilipomtajia, sauti yake ilichangamka, akasema ana nyumba nzuri “mahali panapokufaa”. Nilikasirika. Lakini maadamu nimejitolea kusema kweli katika safu hii, nitakiri jambo la pili: nilifarijika pia. Mimi, niliyewasahihishia wanafunzi mamia ya insha kuhusu umoja wa kitaifa, nilifarijika kusikia kwamba nitapangiwa miongoni mwa watu wa jina langu.

Nilidhani mke wangu angemuunga mkono binamu. Angekuwa na haki ya kufanya hivyo kuliko mtu yeyote. Mwezi wa Januari 2008, ghasia zilizozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoingia Nakuru, yeye alikuwa msichana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, akiishi na wazazi wake katika mji huo huo. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 waliuawa na wengine mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuzwa kambi, naye alilala humo kwa majuma kadhaa, chini ya turubai. Katika miaka yote ya ndoa yetu alikuwa hajanisimulia habari hiyo kwa urefu. Sasa barua ya serikali ilikuwa inamrudisha pale pale.

Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, “Mwalimu, tutakwenda. Lakini nyumba nitaichagua mimi.”

Tulifanya safari mbili. Kwa asiyelijua jiji hilo, niseme kwamba limekaa baina ya mteremko wa Menengai upande wa kaskazini na Ziwa Nakuru upande wa kusini, na barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Eldoret hulipita. Majina ya mitaa yake kila moja lina sifa yake midomoni mwa watu. Milimani ni ya wenye nacho. Kiamunyi, upande wa magharibi, na Lanet, upande wa mashariki, ndiko wengi wanakonunua ploti na kujenga. Kaptembwo na Rhonda ndiko kodi ilikonyenyekea na watu wakasongamana. Wakala huuza majina hayo kama mchuuzi auzavyo kitambaa. Mke wangu hakutaka kuyasikia. Alitaka mambo matatu.

La kwanza lilikuwa maji. Jiji hili limo katika Bonde la Ufa, na maji mengi ya visima huku yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Yakizidi, meno ya mtoto yanayojijenga chini ya ufizi hutoka na madoa ya kahawia yasiyofutika kwa mswaki wowote, na walio hatarini zaidi ni watoto wasiotimiza miaka minane. Wetu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Kuyachemsha maji hakufai kitu, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, nayo madini husalia chunguni. Wapo wanaoyachuja kwa makaa ya mifupa, na wapo wanaokinga ya mvua kwa ajili ya kunywa. Nilimwuliza mzee mmoja mwenye nyumba maji yake yanatoka wapi. “Maji yapo, Mwalimu, siku saba kwa juma,” akanijibu kwa fahari. Hilo silo nililouliza. Mke wangu aliwaita watoto waliokuwa wakicheza uani, akawatania wakacheka, akayatazama meno yao. Tulimshukuru mzee, tukaondoka.

Maji yana jambo jingine pia. Tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limekuwa likipanda, hata lango kuu la zamani la mbuga likamezwa, na katika baadhi ya nyumba za upande wa Mwariki maji yaliwafuata watu mlangoni. Kodi inapokuwa rahisi kupita kiasi karibu na ziwa, mpangaji na aulize kwa nini.

La pili lilikuwa miguu. Wazazi wengi huuliza shule gani ni nzuri. Wachache huuliza mtoto ataifikiaje. Tangu mwaka 2023 madarasa ya sekondari msingi yamewekwa katika shule za msingi, kwa hivyo mtoto aanzaye hapo hubakia hadi gredi ya 9. Binti yetu mkubwa alikuwa anaingia gredi ya 7, na mdogo wao angeikanyaga njia hiyo hiyo zaidi ya miaka kumi. Palikuwa na mtaa uliotupendeza mno: nyumba pana, kodi ya haki, bustani ndogo mbele. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu tuliitembea njia ya kwenda shuleni. Ilitubidi kuvuka barabara kuu, na tulisimama ukingoni muda mrefu huku malori ya masafa marefu yakipita kwa kishindo. Bustani ile niliisahau hapo hapo.

La tatu nililielewa mwisho. Saa kumi na moja jioni mke wangu alinitaka tusimame kwenye kona ya mtaa tuliokuwa tukiuchunguza, tusiseme neno. Watoto walikuwa wametoka shuleni. Walicheza kandanda ya matambara, waliruka kamba, waligombana.

“Unasikia nini?” akaniuliza.

“Kelele,” nikasema.

“Sikiliza lugha, Mwalimu wa Kiswahili.”

Katika mitaa miwili ya kwanza tulisikia lugha moja ya mama kutoka mwanzo hadi mwisho wa barabara. Kila mtaa na lugha yake. Si dhambi. Lugha ya mama ni hazina, na nyumbani kwangu tunaisema. Lakini barabara nzima ya watoto ikicheza kwa lugha moja ya kabila katika jiji la watu wa kila kabila, fahamu kwamba wazazi wao walichagua nyumba kwa ushauri wa binamu. Katika mtaa wa tatu watoto waligombana kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, ngeli zikiwa zimevunjika mbavu, ambacho ningekipigia mstari mwekundu darasani. Sijawahi kufurahia makosa ya sarufi kama jioni ile.

Hapo ndipo aliponisimulia. Mwaka ule wa 2008, usiku wa kwanza na wa pili, yeye na mama yake walifichwa chini ya kitanda na jirani, mama mjane asiye wa kabila lao. Waliokuja kuichoma nyumba yao hawakuwa wageni wote. Mmoja alimtambua kwa sauti. “Kwa hivyo usiniambie kwamba majirani wote ni wema,” akasema. “Lakini aliyetuokoa alituficha kwa sababu alikuwa akiazima chumvi kwetu. Alijua majina yetu. Sitaki mtaa wa watu wangu. Nataka mtaa ambao wasio wangu wanalijua jina langu.”

Msomaji, nimesoma vitabu vingi kuhusu mshikamano wa taifa. Sijapata kusoma hoja nzito kuliko hiyo. Binamu yangu anatushauri kujitenga ili tuwe salama. Lakini mtaa wa kabila moja ndio ulio rahisi kuonyeshwa kwa kidole usiku wa hatari, na wakaao humo hawana nje yao mtu wa kuwaficha. Kila familia inayojitenga kwa hofu huiongezea hofu familia iliyo mtaa wa pili, nayo hujitenga vilevile. Hivyo ndivyo ramani ya mji huchorwa upya pasipo sheria yoyote kupitishwa, na wachoraji ni sisi wapangaji.

Tulipanga nyumba katika mtaa huo wa tatu. Sitautaja, kwa kuwa msomaji atalichukua jina aache njia. Mlango wake una kutu na jiko ni dogo. Mwezi wa Juni 2024, siku ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, barabara zilifungwa, nami nikakwama shuleni kwangu, mke wangu naye akakwama kazini. Mama muuza mboga wa kona yetu, asiye wa kabila langu, aliufunga mkokoteni wake, akaenda kwa miguu kuwachukua wanangu pamoja na wake. Niliwakuta saa mbili usiku wameshiba ugali, wamelala kwenye mkeka. Nilipomshukuru aliniuliza kama ningemfanya wake kinyume chake. Nilisema la, nami nilishukuru kwamba sikuwa ninadanganya.

Sitaki kumhadaa mtu. Mtaa mchanganyiko si hirizi. Uliowahi kuchanganyika mwaka 2007 ulitengana kwa usiku mmoja, na hakuna kona ya jioni iwezayo kukuhakikishia kwamba hautatengana tena. Kodi na kipato navyo huwafunga wengi mikono. Anayepanga chumba kimoja hana anasa ya kusikiliza lugha za watoto. Ila wengi wetu tulio walimu tuna nafasi ya kuchagua, japo ndogo, na tunaitumia vibaya. Tunaitisha insha ya umoja asubuhi, jioni tunampa wakala jina la ukoo.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu wanaongojea barua za uhamisho wayaulize maji, waitembee njia ya shule, kisha wasimame kwenye kona jioni na kusikiliza. Nanyi wanafunzi, kesho mkitoka darasani hesabuni lugha zinazosemwa katika barabara yenu, kisha muwaulize wazazi wenu kwa nini mlihamia hapo. Jibu lao lisiwaudhi, lichunguzeni.

Mke wangu, aliyeichagua nyumba hii na anayejulikana kwa jina mtaa mzima, hadi leo huviweka vyeti vyetu vyote katika mfuko mmoja, nyuma ya mlango. Simwambii auondoe. Siku atakapourudisha mwenyewe kabatini, ndipo nitakapojua kwamba tumehamia.