Wenye usonji: Husema kweli lakini hawaaminiwi

Na Daktari Wetu

MWENYE nyumba anabisha mlango, nawe kodi hujaipata. Unamnong'oneza mtoto akamwambie kwamba mama hayupo. Mtoto anafungua mlango na kusema: "Mama amesema nikuambie hayupo."

Mtoto wa miaka minne akisema hivyo, watu hucheka. Akiwa wa miaka kumi na minne huchapwa. Wako wazazi wanaoleta watoto wa namna hii kliniki wakilalamika kuwa hawana adabu: wamemwambia mgeni kwamba ananuka jasho, au wamemweleza mwalimu mbele ya darasa kwamba amekosea hesabu. Baadhi ya watoto hao, wakichunguzwa vyema, huwa na usonji.

Usonji ni hali ambapo ubongo hukua kwa namna tofauti tangu mwanzo. Si laana, hauambukizi, wala hausababishwi na malezi mabaya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2021 mtu 1 kati ya 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Wako wasiosema neno, na wako waliohitimu chuo kikuu na kuajiriwa. Hapa nawazungumzia wale wanaosema.

Kwa nini uongo uwatatize? Mwaka wa 1985 watafiti watatu wa London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, waliwaonyesha watoto mchezo wa wanasesere wawili. Sally anaweka gololi yake kikapuni, kisha anatoka. Akiwa nje, Anne anaihamisha gololi hiyo na kuitia sandukuni. Sally akirudi, ataitafuta wapi? Jibu ni kikapuni, kwa kuwa hakuona ikihamishwa. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walijibu kuwa ataitafuta sandukuni, mahali ilipo hasa. Watoto wengi wenye ulemavu wa Down walijibu sawasawa, kwa hivyo haikuwa tu suala la upungufu wa akili. Ugumu ulikuwa kutambua kwamba mwenzako anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Na uongo ni nini kama si kumfanya mwenzako aamini jambo lisilo kweli?

Tusiwageuze kuwa malaika, hata hivyo. Wengi wao hujifunza kadiri wanavyokua, na wako wanaodanganya kama mimi na wewe, ingawa mara nyingi hushindwa kuulinda uongo wao wanapoulizwa swali la pili.

Shida kubwa zaidi ni kuutambua uongo wa wengine. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa watu wazima wenye usonji walikuwa dhaifu kuliko wenzao katika kumtambua anayedanganya. Hebu fikiria kijana huyo akiwa kituo cha matatu. Manamba anapaza sauti, "Mmoja tu twende!" Wewe unajua gari ni nusu tupu, na hukasiriki, hayo ni maneno ya biashara. Kijana anaingia, anahesabu viti vitupu, kisha anakaa nusu saa akiwa na hasira ya mtu aliyedanganywa. Wenzake wanamwona yeye ndiye mwenye kasoro. (Binafsi sina hakika.)

Hilo la matatu ni dogo. Matapeli wa simu wanaodai wametuma pesa kimakosa humpata mtu kama huyu kwa urahisi. Hatari zaidi ni yule mtu mzima, aghalabu jamaa au jirani, anayemwambia mtoto, "Hii ni siri yetu, usimwambie mama." Mtoto anayeamini maneno kama yalivyo hunyamaza.

Na hata akisema, huenda asiaminiwe. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka wa 2022 matokeo ya kusikitisha: watu wa kawaida walipotazama video za mahojiano, waliwaona wenye usonji kuwa waongo zaidi na wasioaminika kuliko wenzao. Sisi hutafuta ukweli usoni. Mtu asipotutazama machoni, akigaagaa kitini au akijibu kwa sauti isiyopanda wala kushuka, tunasema anaficha kitu. Ajabu ni kwamba katika jamii zetu nyingi mtoto anayemkazia macho mzee huitwa jeuri, lakini siku pesa zinapopotea nyumbani, anayetazama chini ndiye mwizi. Fikiria basi kijana mwenye usonji mbele ya mwalimu wa nidhamu, au kituoni mwa polisi usiku.

Mzazi, usimtume mtoto huyu kudanganya kwa niaba yako. Unamchanganya, kisha unamwadhibu kwa kutii kanuni uliyomfundisha wewe mwenyewe. Wala usimfunze uongo wa heshima. Mfunze kwamba kweli nyingine anaweza kukaa nayo kimya, na umtajie ni zipi: mwili wa mtu, nguo zake, chakula alichopika. Onyo la jumla kama "jihadhari na watu wabaya" halimsaidii. Mpe kanuni isiyo na mlango wa nyuma: nambari ya siri ya simu haipewi mtu yeyote, hata akidai ametoka kwa kampuni, na mtu yeyote akikuambia umfiche mama jambo, mwambie mama siku hiyo hiyo.

Akituhumiwa jambo, mwombe anayemhoji aulize kwa maneno mepesi, swali moja moja, ampe muda wa kujibu, na asihesabu macho yake kuwa ushahidi.

Ukishuku kuwa mwanao ana hali hii, usingoje afike darasa la nane. Vituo vya EARC vya kupima watoto vilianza mwaka wa 1984 na viko sehemu nyingi nchini. Walio Nairobi wanaweza pia kwenda taasisi ya KISE, Kasarani. Nenda na kitabu chake cha kliniki na ripoti za shule, na uandike mapema mifano ya maneno aliyosema yaliyokutia wasiwasi.