Je, Mtoto Mdogo Afanye Mazoezi ya Nguvu kwa Ajili ya Michezo?

Wazazi hutofautiana katika jambo hili. Wapo wanaomkataza mtoto kabisa, wakihofu kwamba atadumaa. Na wapo wanaomnunulia vyuma ili awahi nafasi katika timu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini hata akiwa mbichi hukunjwa taratibu.

Je, mazoezi haya hudumaza?
Hapana. Mazoezi mepesi ya nguvu, yanayofundishwa vyema na kusimamiwa na mtu mzima mwenye ujuzi, hayamzuii mtoto kurefuka. Kinachopaswa kulindwa ni gegedu laini lililo karibu na ncha za mifupa, ambako mfupa hurefukia. Laweza kuumia endapo mtoto atanyanyua uzito unaomshinda.

Aanze lini?
Anapoweza kufuata maelekezo na kusimama imara. Aghalabu ni umri wa miaka 7 au 8. Kabla ya hapo, michezo yenyewe yatosha: kukimbia, kupanda, kuruka kamba. Hapa Uingereza, watoto wa miaka 5 hadi 18 hushauriwa kuushughulisha mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

Usitarajie misuli mikubwa. Kabla ya balehe, nguvu huongezeka hasa kwa sababu neva hujifunza kuitumia misuli vizuri zaidi. Kwa hiyo usimwongezee mtoto uzito kwa kuwa tu mwili wake haujabadilika.

Mambo ya kuzingatia
• Apashe misuli moto kwa dakika 5 hadi 10.
• Aanze kwa uzito wa mwili wake: kuchuchumaa na kuinuka, au pushapu. Mikanda ya mpira na vyuma vyepesi vifuate baadaye.
• Anyanyue uzito anaoumudu mara 8 hadi 15 bila kuharibu mkao. Akishindwa kufikia mara 8, uzito huo umezidi.
• Afanye mara 2 au 3 kwa wiki, na apumzike angalau siku moja katikati.
• Asishindane na wenzake kunyanyua uzito mkubwa kabla mifupa haijakomaa.
• Asipewe poda wala vidonge vya kujenga misuli.

Usalama nyumbani
Ajali nyingi za vyuma kwa watoto ni za kuangukiwa mguuni au kubanwa vidole. Vyuma vya kaka au baba vifungiwe mahali mtoto asipoweza kuvifikia.

Wakati wa kumwona daktari
Iwapo mtoto ana ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kifafa au selimundu, zungumza kwanza na daktari wako wa familia. Akiwa na uvimbe, akichechemea, au maumivu ya kiungo yasipokwisha, aache mazoezi na apelekwe kwa daktari. Kwa ushauri piga 111. Akizimia au akipata maumivu ya kifua wakati wa mazoezi, piga 999 mara moja. Una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo.