Spika za Sebuleni na Sikio la Mwanafunzi



Katika toleo hili tumeonelea tutoke kidogo nje ya sarufi na fasihi, tuingie sebuleni. Mada yetu ni zile spika ndefu zinazosimama sakafuni: namna ya kuzichagua, na namna ya kuzioanisha na amplifaya na chumba. Huenda mtu akauliza, hayo yanaihusu nini idara ya Kiswahili? Yanatuhusu, tena sana, na tuliyajua kwa njia ya aibu.

Kipindi chetu cha kusikiliza cha Jumamosi hufanyika sebuleni kwa mmoja wetu, katika nyumba za walimu hapa Kampala. Wanafunzi huketi safu mbili, kushoto na kulia, wakisikiliza michezo ya redio, mashairi yanayoghanwa na nyimbo za taarabu. Mwezi wa Agosti tuliwapa jaribio la maneno yanayokaribiana kwa sauti: suka, shuka na fuka, saba na shaba, sikia na fikia, kura na kula. Kati ya wanafunzi 14, sita walikosea zaidi ya nusu. Sisi walimu tuliandika sababu ileile tuliyozoea kuiandika: athari ya lugha mama. Tukajaza alama.

Wiki iliyofuata mwanafunzi mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akasema kwa upole, "Mwalimu, samahani, upande tuliokaa sisi 's' haisikiki." Tulikuwa karibu kumjibu kwamba mbona wenzake wameisikia. Lakini tulipozipanga karatasi kufuata viti, tuliona kwamba wote sita walikuwa wameketi kushoto. Tena walikuwa wamepata kura na kula bila taabu. Kama kosa lingekuwa la lugha mama, basi r na l ndizo zingewasumbua zaidi, maana katika Luganda sauti hizo mbili hupokezana kulingana na irabu inayotangulia. Kosa halikuwa la wanafunzi. Spika ya kushoto ilikuwa imeungua kipande chake cha juu.

Ndiyo sababu ya makala haya.

1. Jina na umbo

Kwanza tukubaliane juu ya jina. Neno "kipaza sauti" watu wengi hulitumia kwa kifaa cha kusemea na pia kwa kifaa cha kutolea sauti, kwa hiyo hapa tutasema spika. Tunawakumbusha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba spika hii imewekwa sakafuni, lakini Spika wa Bunge ameketi kitini. Ngeli zisichanganywe.

Spika ya kusimama ni kasha refu, aghalabu la kimo cha karibu mita moja. Ndani yake mna koni kubwa moja au zaidi za sauti nzito, ambazo mafundi huziita wufa. Baadhi ya spika huwa na koni ya sauti za kati. Juu kabisa kuna kipande kidogo cha sauti nyembamba, nacho ni twita. Nyuma ya hivyo kuna saketi ndogo inayogawa sauti: nzito zishuke, nyembamba zipande. Urefu wa kasha una faida mbili. Hewa nyingi iliyomo ndani huisaidia wufa kutoa besi ya chini zaidi kuliko spika ndogo ya rafuni, na twita hukaa karibu usawa wa sikio la mtu aliyeketi.

Sikio la kijana mzima husikia mitetemo kuanzia takribani 20 kwa sekunde, yaani hezi 20, hadi hezi 20,000. Uzito wa sauti ya mwanamume anayesema huanzia karibu hezi 100, na wa mwanamke karibu hezi 200. Lakini konsonanti hazikai huko chini. Nguvu kubwa ya s iko juu ya hezi 4,000. Ya sh huanza chini zaidi kidogo. Na f ni hafifu, imetawanyika. Simu za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, na ndiyo maana mtu alipotaja jina lake kwa simu alilazimika kuliendeleza herufi kwa herufi. Twita ikifa, sebule nzima hugeuka simu ya zamani. Wimbo utaendelea kusikika, besi itadunda, wala mgeni hatatambua kasoro. Ila suka na shuka zitakuwa kitu kimoja.

2. Chumba kwanza

Watu wengi huanza na spika, kisha wakaitafutia nafasi. Sisi tunashauri kuanza na chumba. Sebule tunayoitumia ina mita 4 kwa 3.5, sakafu ya saruji, kuta tupu. Mawimbi ya sauti nzito hugonga ukuta na kurudi, na kwa urefu fulani wa chumba mitetemo fulani hujazana. Hesabu yake ni rahisi: chukua kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili. Kwa mita 4 utapata karibu hezi 43. Kwa mita 3.5 utapata hezi 49. Hapo ndipo besi huvuma kama pipa. Na sauti nzito ikizidi huzifunika zile nyembamba, hata kama twita ni nzima.

Kwa hiyo chumba kidogo hakihitaji spika kubwa kupita kiasi. Kasha jembamba lenye wufa moja au mbili za wastani litafaa kuliko kabati zito la ukumbini. Ukiwa na chumba kidogo sana, usione haya kununua spika ndogo za kuweka juu ya stendi.

Spika za kusimama zisigande ukutani, na hasa zisiwekwe pembeni kabisa, kwa sababu kona huongeza besi. Anza na nusu mita kutoka ukutani, kisha sogeza kidogo kidogo huku ukisikiliza. Nyingi zina tundu la hewa. Kama besi bado inavuma, jaribu kulizibia soksi iliyokunjwa. Pazia zito, zulia au busati hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba, na rafu iliyojaa vitabu huutawanya. Lakini vitu hivyo haviponyi besi. Besi huponywa kwa kusogeza spika na viti.

3. Kuoanisha spika na amplifaya

Hapa kuna mambo matatu ya kutazama.

La kwanza ni wepesi wa spika kuitika. Huandikwa kwa desibeli: sauti inayopimwa umbali wa mita moja spika inapopewa wati moja. Spika moja yaweza kuandikwa 84, nyingine 90. Tofauti hiyo ya desibeli 6 ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa kila desibeli 3 zinahitaji nguvu maradufu. Maana yake spika ya 84 itadai wati 80 ili itoe sauti ambayo ile ya 90 huitoa kwa wati 20. Mwenye amplifaya ndogo atafute spika inayoitika kwa wepesi.

La pili ni ukinzani wa spika dhidi ya mkondo wa umeme, ambao huandikwa kwa omu: 4, 6 au 8. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo spika inavyovuta mkondo mwingi zaidi. Tazama nyuma ya amplifaya imeandikwa inakubali omu ngapi, wala usishuke chini ya hapo. Jihadhari pia na kuunganisha jozi ya pili mahali palepale: spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, na mbili za omu 4 huwa 2. Amplifaya nyingi za nyumbani hapo hupata moto na kujizima, au kuungua.

La tatu ni wati, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Makasha ya redio za madukani huandikwa wati 3,000 PMPO. Herufi hizo nne usizitegemee. Tafuta wati za RMS, yaani zile ambazo mashine hutoa mfululizo. Ukikosa, geuza mashine usome inakula umeme kiasi gani. Mashine inayokula wati 60 haiwezi kutoa wati 3,000 mfululizo, itazipata wapi? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena kwa mazungumzo na muziki wa kawaida sebuleni huhitaji wati nyingi. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati moja, msikilizaji aliye umbali wa mita tatu hupata karibu desibeli 80, kiasi kinachozidi sana sauti ya maongezi. Wati za ziada ni akiba ya vilele vya muziki, kama mdundo wa ngoma.

Wasomaji wengi hudhani spika huungua kwa sababu amplifaya ni kubwa mno. Mara nyingi ni kinyume chake. Amplifaya ndogo ikiamrishwa kutoa zaidi ya uwezo wake hukata vilele vya mawimbi. Wimbi lililokatwa huzaa mitetemo mingi ya juu isiyokuwemo katika wimbo, nayo yote huenda kwenye twita, ambayo koili yake ni ya waya mwembamba kama unywele. Hivyo ndivyo tulivyoiunguza yetu. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, tuliigeuzia spika uani, tukafungulia amplifaya ya wati 25 hadi mwisho ili majirani nao wasikie. Sauti ilianza kukwaruza. Hakuna aliyepunguza.

4. Dukani na sokoni

Wengi wetu tunanunua vifaa vilivyokwisha kutumika kutoka Ulaya, Japani au Ghuba. Si vibaya, bali vikaguliwe.

(a) Fungua kitambaa cha mbele utazame ukingo unaoizunguka koni. Ukiwa wa sponji, baada ya miaka mingi huoza na kumeguka. Wa mpira hudumu zaidi.

(b) Sikiliza kila twita peke yake kwa kukaribisha sikio, sauti ikiwa chini.

(c) Soma volti za amplifaya. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120. Umeme wetu ni 240. Bila transfoma ya kushusha, itaungua siku ileile.

(d) Nenda na rekodi unayoijua: mtu mmoja anayesoma habari, mwanamume na mwanamke, na wimbo mmoja wa taarabu wenye fidla na ganuni. Rekodi za kale, kama zile za Siti binti Saad zilizofanywa Bombay mwaka 1928, ni hazina kwa mwalimu wa fasihi, lakini hazifai kupimia spika. Mashine za wakati ule hazikunasa sauti nyembamba za kutosha.

(e) Ukilinganisha spika mbili, hakikisha zinalia kwa kiwango kimoja. Ile inayolia kwa nguvu zaidi daima huonekana bora.

5. Kuzipanga nyumbani

Spika mbili na kiti cha msikilizaji ziwe pembetatu yenye pande zinazokaribiana. Waya ziwe za shaba, nene kiasi, urefu sawa kushoto na kulia. Za milimita mraba 2.5 zinatosha sebuleni. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza upande mmoja, koni moja itasukuma wakati nyingine inavuta, na besi itatoweka.

Upande mmoja ukisikika vibaya, usikimbilie kwa fundi. Zima mashine, badilishana waya za kushoto na kulia kwenye amplifaya, kisha washa. Kasoro ikibaki kwenye kasha lilelile, mgonjwa ni spika au waya wake. Ikihamia kasha la pili, mgonjwa ni amplifaya au kinachoilisha. Nasi tulifanya hivyo. Kasoro ilibaki kushoto. Twita mpya ya aina ileile ilipowekwa, s ilirudi.

Hitimisho

Kwa ufupi: anza na chumba, kisha spika inayokitosha, kisha amplifaya inayoiweza spika hiyo. Ukisikia sauti inakwaruza, punguza papo hapo. Na kabla ya kila jaribio la kusikiliza, mwalimu aketi kwenye kila kiti, asikilize suka, shuka na fuka kwa masikio yake mwenyewe. Haichukui dakika kumi.

Alama zile tulizifuta na jaribio likarudiwa mwezi wa Septemba, safu zikibadilishana pande. Kati ya wale sita, watano walifaulu vizuri. Wa sita bado anachanganya s na sh, na huyo sasa tunaweza kumsaidia, kwa kuwa tunajua kwamba tatizo ni la kwake na si la kasha letu. Yule aliyebaki nyuma kutueleza tulimshukuru mbele ya wenzake. Tunawaomba wanafunzi wote wafanye kama yeye, nasi walimu tujizoeze kuuliza spika kwanza kabla ya kumwandikia mtu lugha mama.

Tukutane katika toleo lijalo.