Fahamu: Kwa nini wamisionari huigiza barabarani Pwani?

Spika moja, kamba, fulana nyeusi na nyeupe. Vijana wa kigeni wanaokuja Kenya kwa ziara fupi za kimisheni huigiza bila kutamka neno: mwenye nyeusi ni Shetani, anamfunga mwenzake, mwenye nyeupe anamfungua. Mahubiri huja baadaye kupitia mkalimani, watoto na wanabodaboda wakiwa wameshajaa.

Sababu kubwa ni lugha. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, akaanzisha misheni Rabai, Kilifi ya leo, 1846, na alijifunza Kiswahili hadi akakitungia kamusi. Mgeni wa wiki mbili hana muda huo, na igizo bubu linamfichia upungufu wake.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 32 cha Katiba kinamruhusu kila mtu kudhihirisha imani yake, hata hadharani. Adabu ni suala jingine: mji wa Malindi, kwa mfano, una Waislamu wengi, na spika kando ya msikiti wakati wa adhana ni uchokozi mtupu.

Kisha kuna Shakahola. Tangu 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu huo wa Kilifi, mhubiri yeyote hutazamwa mara mbili. Mashtaka kuhusu vifo hivyo yanamkabili mhubiri Paul Mackenzie, ambaye ameyakana. Kumlinganisha na vijana wa kamba ni kuwaonea, lakini mzazi ana haki ya kuuliza ni kanisa gani limewaalika, na picha za mwanawe zinapelekwa wapi.